Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kazi ya Winga wa Raga ya Kulipwa

Haya ni maswali yanayorudiwa na vijana wanaocheza pembeni, wazazi wao, na mashabiki wanaotaka kujua winga hufanya nini wakati kamera iko kwingine. Tunazungumzia raga ya wachezaji 15 kila upande. Pale raga ya saba inapoingia, tumeitaja kwa jina.

## Misingi ya nafasi

Winga ni nani hasa uwanjani?

Timu ina mafowadi 8 na mabeki 7. Mafowadi husukumana kwenye skrumu na kugombania mpira unaorushwa kutoka nje. Mabeki hujipanga nyuma yao kwa upana wa uwanja. Mawinga ni mabeki wawili wa mwisho kabisa, mmoja kila upande, karibu na mstari wa pembeni. Wa kushoto huvaa namba 11, wa kulia namba 14.

Uwanja una upana wa hadi mita 70. Mpira unapotoka upande mmoja hadi kumfikia winga wa upande wa pili, umekwisha kupita mikononi mwa wenzake watatu au wanne, na kila mmoja wao amemvuta mkabaji wake. Upenyo unaobaki mwishoni ndio winga anaolipwa kuutumia. Hii ndiyo sababu majina ya mawinga hujaa kwenye orodha za wafungaji. Rekodi ya trai (mpira kushushwa chini ndani ya eneo la kufungia la mpinzani) katika mechi za kimataifa ni ya Daisuke Ohata wa Japani, aliyefunga 69 katika mechi 58, akifuatiwa na Bryan Habana wa Afrika Kusini mwenye 67 katika mechi 124.

Kuna tofauti yoyote kati ya namba 11 na namba 14?

Kazi ni ileile, ila mwili hutumika kinyume. Winga hubeba mpira kwa mkono wa nje, ulio karibu na mstari wa pembeni, ili mkono wa ndani ubaki huru kumsukuma mkabaji. Kwa hiyo wa kushoto anahitaji mkono wa kulia wenye nguvu, na wa kulia anahitaji wa kushoto. Kwa upande wa mateke, anayetumia mguu wa kushoto hustarehe zaidi akiwa namba 11, kwa sababu akitaka kuutoa mpira kufuata mstari, mguu wake tayari uko upande unaofaa. Makocha wengi wa kiwango cha juu watakutaka ucheze pande zote mbili, kwa hiyo usijifungie upande mmoja ukiwa bado mdogo.

Kwa nini winga anaonekana kama amesimama tu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo linalotenganisha winga wa kulipwa na kijana mwenye mbio. Mechi ni dakika 80. Winga anaweza kugusa mpira mara chache sana katika muda huo, na baadhi ya miguso hiyo hudumu sekunde mbili tu. Kazi kubwa inafanyika bila mpira.

Chukua timu yake inapojilinda. Mpira ukiwa kwa mpinzani upande wake, winga husogea mbele kwenye mstari wa wakabaji. Mpira ukihamia upande wa pili, hushuka nyuma kumsaidia fulbeki, beki wa nyuma kabisa, kulinda eneo la mateke, huku winga mwenzake akipanda. Wanapanda na kushuka hivyo mechi nzima, kama mizani. Akichelewa hatua tatu, flaihafu (beki anayeongoza mchezo) wa upande wa pili anaona nyasi tupu na kuupiga mpira pale. Timu inapopoteza mita 40 kwa teke la namna hiyo, mtazamaji humlaumu fulbeki, lakini kocha akirudisha video humtazama winga.

Kuna pia uamuzi mgumu kuliko yote katika ulinzi: wapinzani ni watatu, wakabaji mko wawili, na wewe ni wa mwisho. Unaingia ndani kumkata mwenye mpira kabla hajautoa, au unabaki nje na kuwachelewesha hadi msaada ufike? Ukiingia na kumkosa, ni trai. Ukibaki bila kumsukumia mtu kuelekea nje, ni trai vilevile. Winga mzuri hutazama mabega ya mwenye mpira na miguu ya anayesubiri pasi, na huamua mapema. Mstari wa pembeni ni mkabaji wake wa pili. Akimwelekeza mpinzani huko vizuri, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Timu yake inaposhambulia, haruhusiwi kuganda pembeni akingoja pasi. Winga wa upande usio na mpira hutembea nyuma ya wenzake, hutokeza katikati pasipotarajiwa, hufuata begani mwa anayekimbia, na senta, beki wa katikati, anapoangushwa karibu naye, yeye ndiye wa kwanza kuwahi kuulinda mpira usiporwe. Hakuna anayeshangilia kazi hiyo, lakini ndiyo inayompa mkataba mpya.

Ni lazima niwe mkubwa wa mwili?

Hapana, na historia inalithibitisha hilo pande zote mbili. Jonah Lomu wa New Zealand alikuwa na urefu wa mita 1.96 na uzito wa kilo zaidi ya 110. Katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1995 mjini Cape Town aliwafunga Uingereza (England) trai 4, nyingine kwa kuwapitia watu juu. Shane Williams wa Wales alikuwa na mita 1.70 hivi, na mwaka 2008 alitangazwa mchezaji bora wa dunia.

Kisa cha Williams kinafaa kukumbukwa na kila kijana aliyeambiwa ni mdogo mno. Alikwenda Kombe la Dunia la 2003 akiwa skramhafu (beki anayeutoa mpira kwa mafowadi) wa tatu wa kikosi. Alipopewa nafasi pembeni dhidi ya New Zealand aliwasumbua kiasi kwamba hakuna aliyemrudisha tena benchi kwa sababu ya kimo. Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini, ambaye naye ni mfupi, ana Kombe la Dunia mbili, la 2019 na la 2023.

Ukubwa haukuepushi na kujifunza, vilevile. Lomu alikuwa fowadi kabla ya kuhamishiwa pembeni, na mechi zake mbili za kwanza za kimataifa, dhidi ya Ufaransa mwaka 1994, timu yake ilipoteza zote huku yeye akionekana hajui asimame wapi. Alikuwa na miaka 19. Mwaka mmoja baadaye dunia nzima ilijua jina lake.

Kasi ikiwepo, inatosha?

Inakufungulia mlango tu. Mawinga wenye mbio kubwa huvuka kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kila sekunde, lakini nafasi ya kufika huko kwenye mechi ni adimu. Mara nyingi mambo huamuliwa ndani ya mita 5 au 10 za kwanza: unavyoondoka kutoka kusimama, unavyobadilisha mwendo, unavyokata chenga bila kupunguza kasi. Kisha kuna kudaka mpira wa juu, kupiga teke kwa miguu yote miwili, na kumwangusha mtu mzito kuliko wewe. Anayekosa mojawapo ya hayo atapigiwa mpira upande wake mchana kutwa hadi atolewe.

## Kuingia kwenye kazi

Mtoto wangu amewekwa pembeni kwa sababu hachezi vizuri. Afanye nini?

Hili linaumiza na linatokea sana. Kwenye timu za watoto mpira haufiki pembeni mara nyingi, kwa hiyo baadhi ya makocha humficha huko asiyejiamini. Zungumza na kocha kwa adabu na uombe mtoto azungushwe kwenye nafasi tofauti. Mtoto aliyecheza skramhafu, senta na hata fowadi atakuwa winga bora baadaye, kwa sababu atajua mpira unakotoka. Lomu na Williams waliotajwa juu wote walitokea nafasi nyingine. Hakuna haja ya kuchagua nafasi kabla ya miaka 15 au 16.

Mimi ni mkimbiaji, au nimecheza mchezo mwingine. Nimechelewa?

Inategemea mchezo uliotoka. Jason Robinson alitoka raga ya wachezaji 13 akiwa tayari nyota, na mwaka 2003 akaifungia Uingereza trai katika fainali ya Kombe la Dunia. Alikuwa amekulia kwenye kukaba na kubeba mpira, kwa hiyo alichobaki kujifunza kilikuwa mateke na namna ya kusimama. Portia Woodman wa New Zealand alitoka netiboli, mchezo wa kudaka na kuruka, na katika Kombe la Dunia la wanawake la 2017 alifunga trai 13, 8 kati ya hizo katika mechi moja dhidi ya Hong Kong.

Mkimbiaji safi wa mita 100 ana safari ndefu zaidi. Carlin Isles wa Marekani, aliyewahi kukimbia mita 100 kwa sekunde 10.24, alifanikiwa kwenye raga ya saba, ambako uwanja ni uleule na watu ni nusu. Kwa mkimbiaji, huko ndiko mahali pa kuanzia. Kwenye raga ya 15 kasi yake itafunikwa na asichokijua: mpira wa juu, kukaba, na kuhesabu watu mbele yake.

Njia ya kawaida ya kufika kwenye mkataba ni ipi?

Mashindano ya shule au klabu ya vijana, kisha kituo cha kukuza vipaji cha klabu ya kulipwa, kisha timu ya taifa ya chini ya miaka 20, kisha mkataba wa kwanza wa wakubwa. Wengine huchelewa na kupitia vyuo vikuu au ligi ya daraja la pili. Mawinga huwahi kuliko mafowadi wa mstari wa mbele, kwa sababu nguvu za skrumu huchukua miaka kukomaa lakini kasi ya miguu huwa ipo mapema. George North aliichezea Wales kwa mara ya kwanza mwaka 2010 akiwa na miaka 18.

Ukituma video yako kwa klabu, usiweke trai tupu. Weka dakika nzima za mechi zinazoonyesha unavyoshuka nyuma, unavyodaka chini ya shinikizo na unavyofanya baada ya kukosea. Watafuta vipaji wameona mbio nyingi. Wanatafuta mtu wanayeweza kumwamini nyuma ya mstari.

Raga ya saba inasaidia au inaharibu?

Inasaidia kwa kukaba peke yako kwenye nafasi kubwa, kudaka mpira wa kuanzia, na kutumia upenyo. Kolbe alishinda medali ya shaba ya raga ya saba kwenye Olimpiki ya 2016 kabla ya kutamba kwenye raga ya 15. Wapo pia waliojenga kazi yao yote huko na kuheshimiwa duniani: Collins Injera wa Kenya, mwaka 2016, aliivuka rekodi ya trai 220 ya Ben Gollings kwenye mfululizo wa mashindano ya dunia.

Upungufu wake ni mwili. Anayetoka huko mara nyingi huhitaji muda wa kuongeza uzito na kuzoea msongamano, na pia kujifunza mateke ya kimkakati ambayo raga ya saba haina.

Wanawake wanaweza kuishi kwa kazi hii?

Baadhi wanaweza, na idadi inaongezeka. Uingereza ilianza kuwapa wachezaji wake wa raga ya 15 mikataba ya kudumu mwaka 2019, na nchi nyingine zimefuata kwa viwango tofauti. Wengi bado huunganisha raga na masomo au ajira nyingine, na huo ni mzigo ambao wanaume wa kiwango chao hawaubebi. Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu ambayo mikataba ya wanaume huyachukulia kuwa ya kawaida: bima ya matibabu, malipo ukiwa majeruhi, na utaratibu wa ujauzito na kurudi kazini.

## Maisha ya kazini

Wiki ya winga ikoje?

Mechi ikiwa Jumamosi, siku inayofuata ni ya kupumzisha mwili. Mwanzoni mwa wiki kuna video, vyuma na mazoezi mepesi; katikati kuna siku ya kugongana; kisha mapumziko; kisha mazoezi mafupi ya kasi kabla ya mechi. Winga ana hitaji lake la pekee: lazima akimbie kwa kasi yake ya juu kabisa walau mara moja kwa wiki. Misuli ya nyuma ya paja isiyozoea kasi hiyo huchanika siku ya mechi. Hudaka pia mipira ya juu kwa makumi, peke yake na fulbeki, wenzake wakiwa wameshakwenda kuoga.

Mawinga hulipwa sawa na wengine?

Kwa kawaida hapana. Soko hulipa adimu. Flaihafu anayeongoza mchezo na propu anayeshikilia upande wa kulia wa skrumu ni wachache, kwa hiyo mara nyingi ndio wa juu. Vijana wenye kasi ni wengi, na klabu hujua hivyo. Nyota wa pembeni anayevuta mashabiki hulipwa vizuri sana, lakini winga wa kawaida wa ligi hujikuta katikati au chini ya orodha.

Kumbuka malipo yenyewe ni ya juzi tu. Raga ya 15 iliruhusu rasmi malipo Agosti 1995. Rory Underwood, ambaye trai zake 49 ni rekodi ya Uingereza, alikuwa rubani wa jeshi la anga katika miaka aliyokuwa akiichezea timu ya taifa.

Nitazame nini kwenye mkataba?

Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja hadi mitatu. Watu hukimbilia namba ya mshahara, lakini kwa winga kipengele kinachoamua maisha ni kile cha majeraha: utalipwa mshahara kamili kwa wiki ngapi ukiumia, na baada ya muda gani klabu inaweza kuuvunja mkataba? Goti linaweza kukuweka nje miezi 9. Kama kipengele kinakulinda kwa miezi 6, jua kwamba miezi 3 ni yako.

Tazama pia posho ya kucheza. Ikiwa sehemu kubwa ya kipato inategemea kuingia uwanjani, utashawishika kucheza ukiwa hujapona. Mpe wakili asome kabla ya wakala kukushauri, kwa sababu wakala hulipwa ukisaini na wakili hulipwa usiposaini pia. Wakala mzuri yupo na ana thamani yake. Muulize tu amesimamia mawinga wangapi waliopita miaka 30.

Nikienda kucheza nje, nitaitwa timu ya taifa?

Inategemea nchi. New Zealand huchagua wanaocheza nyumbani, na Uingereza nayo hufanya hivyo isipokuwa kwa hali za pekee. Afrika Kusini huwaita wanaocheza popote. Habana alikuwa Toulon na Kolbe Toulouse, klabu za Ufaransa, wakiendelea kuvaa jezi ya taifa. Ligi kuu za kulipwa ni Top 14 ya Ufaransa, Premiership ya Uingereza, United Rugby Championship inayounganisha Ireland, Wales, Scotland, Italia na Afrika Kusini, Super Rugby Pacific, na ligi ya Japani.

Wachezaji wa mataifa madogo hupata shinikizo baya zaidi. Kanuni za dunia zinaitaka klabu imwachie mchezaji kwa kipindi cha mechi za kimataifa, lakini kuna klabu zinazomfanya aone kwamba kwenda kutamgharimu mkataba ujao. Ukiwa huko, pata msimamo wa klabu kwa maandishi kabla ya kusaini.

## Sheria zinazomgusa winga kuliko wengine

Mwili ukiwa nje hewani, trai inahesabika?

Ndiyo. Mstari wa pembeni ni sehemu ya nje, kwa hiyo kuugusa tu ni kutoka. Lakini hewa iliyo juu ya nje si nje. Winga anaweza kuruka, mwili mzima ukaning'inia nje ya uwanja, na akaushusha mpira ndani. Muhimu ni mpira uguse ardhi kabla ya sehemu yoyote ya mwili wake kugusa mstari au ardhi ya nje. Mstari wa goli ni kinyume: huo ni sehemu ya eneo la kufungia, kwa hiyo mpira ukiugusa tu ni trai. Kugonga kibendera cha kona si kutoka.

Kuna hali moja inayowachanganya hata waliocheza miaka mingi. Mpira ukiwa umelala kwenye eneo la kufungia na hakuna aliyeushika, winga aliye nje ya mstari anaweza kuunyoshea mkono na kuukandamiza chini, na trai ikakubaliwa, mradi hakuubeba.

Ukipata nafasi ya kuzunguka hadi kati ya nguzo, zunguka. Teke la nyongeza, la pointi 2 baada ya trai, hupigwa kutoka kwenye mstari ulionyooka na mahali pa trai, na pointi hizo 2 kutoka kona ni ngumu sana.

Kwa nini kujaribu kunasa pasi huleta kadi?

Kwa sababu kuugonga mpira mbele kwa makusudi ni kosa la penalti, na mwamuzi huangalia kama ulikuwa na nafasi ya kweli ya kuudaka. Mkono mmoja ulionyooshwa, kiganja kikitazama chini, huonekana kama kuharibu tu. Ikiwa pasi ingezaa trai, huja kadi ya njano ya dakika 10 au hata trai ya penalti, yaani mwamuzi huwapa wapinzani trai hiyo. Katika fainali ya Kombe la Dunia la 2023, Kolbe alitolewa kwa kosa hilo zikiwa zimebaki dakika chache, akakaa pembeni amejifunika uso kwa jezi huku wenzake wakilinda ushindi wa 12 kwa 11. Nenda kwa mikono miwili, au usiende.

Sheria mpya zimebadilisha kazi ya winga?

Sana. Tangu 2021 timu ikipiga teke kutoka nusu yake, mpira ukadunda ndani na kutokea kwenye mita 22 za mwisho za mpinzani, timu iliyopiga ndiyo huurusha mpira kutoka nje. Kwa hiyo mawinga wanalazimika kukaa nyuma zaidi, na mbele kunabaki watu wachache.

Badiliko la pili naliona kubwa zaidi kwa soko la ajira. Mwishoni mwa 2024 waamuzi walielekezwa kuwaadhibu wanaomkinga mdakaji kwa kumzingira. Mpira wa juu sasa hugombaniwa na wawili wakiruka, na winga anayejua kuupanda na kuupokonya amepanda thamani ghafla. Akumbuke tu kwamba kumgusa aliye hewani bila kuwania mpira kwa haki kunaweza kumaliza mechi yake kwa kadi.

## Majeraha

Winga huumia wapi zaidi?

Misuli ya nyuma ya paja, kwa ajili ya mbio, magoti na vifundo, kwa ajili ya kukata kona ghafla, mabega, kwa kutua na kukaba, na kichwa. Paja lililochanika ni jepesi kupona na jepesi kurudia. Anayerudi wiki moja mapema hupoteza miezi miwili, kwa hiyo subiri vipimo vya kasi, usitegemee kwamba huhisi maumivu.

Nikigongwa kichwa nikajisikia sawa, nicheze?

Usicheze. Ukionyesha dalili ya mtikiso wa ubongo, umemaliza siku hiyo. Kwenye mechi za juu anayeshukiwa hutolewa kwa dakika 12 kupimwa na daktari. Kwenye ngazi za chini, ambako kipimo hicho hakipo, hutolewa moja kwa moja. North alikaa nje kwa miezi baada ya kugongwa mara kadhaa, akarudi, na akafikisha mechi 121 kabla ya kuiaga Wales mwaka 2024. Kukaa nje hakukumaliza kazi yake. Nawasihi wazazi walisimamie hili kuliko jambo lolote lingine kwenye ukurasa huu.

## Kasi inapopungua, na hali zisizo za kawaida

Winga hudumu hadi umri gani?

Wengi huanza kushuka miaka ya mwanzo ya 30. Habana alistaafu 2018 akiwa na miaka 34. Shane Williams aliiaga Wales akiwa na 34 pia, mwaka 2011, na mguso wake wa mwisho ulikuwa trai. Wanaofika huko si lazima wawe na mbio za ujana. Wanajua kusimama, kama ilivyoelezwa kwenye swali la winga aliyesimama tu.

Naweza kuhamia nafasi nyingine?

Ndiyo, na ni bora uanze kabla hujalazimishwa. North alihamia senta wa nje, ambako nguvu na kukaba huhesabika kuliko mbio ndefu. Anayedaka na kupiga teke vizuri huenda fulbeki. Mwombe kocha nafasi hiyo kwenye mazoezi ukiwa na miaka 27 au 28, ukiwa bado chaguo la kwanza pembeni.

Nimemaliza mechi nyingi bila trai. Nitaachwa?

Si kwa sababu hiyo peke yake. Kama mpira haufiki pembeni, kocha anajua. Angalia mambo yaliyo mikononi mwako: mipira ya juu uliyodaka, watu uliowaangusha, mara ulizotokea katikati kuomba kazi. Hizo zikishuka pamoja na trai, hapo kuna tatizo.

Niliichezea nchi moja. Naweza kuchezea nyingine?

Kustahili nchi huja kwa kuzaliwa huko, kwa mzazi au babu na bibi aliyezaliwa huko, au kwa kukaa miaka 5 mfululizo. Tangu Januari 2022, aliyekwisha kuvaa jezi ya taifa moja anaweza kuhama mara moja tu, baada ya miaka 3 bila mechi ya kimataifa, na lazima yeye, mzazi, au babu au bibi yake awe amezaliwa katika nchi anayokwenda. Makazi hayatoshi. Charles Piutau aliichezea New Zealand hadi 2015, kisha Tonga mwaka 2022.

Nikiiacha raga nikajaribu mchezo mwingine, nitapokelewa nikirudi?

Mawinga hushawishika hivi kuliko wote, kwa sababu kasi inauzika popote. Christian Wade aliondoka 2018 kwenda kwenye soka ya Kimarekani, akafunga kwa mguso wake wa kwanza kwenye mechi ya maandalizi, lakini hakuwahi kucheza mechi ya ligi, na mwaka 2022 akarudi kwenye raga Ufaransa. Louis Rees-Zammit aliondoka Januari 2024 akiwa na miaka 22 na kurudi 2025 na klabu ya Bristol. Wote wawili walipata timu. Tofauti ni umri: wa miaka 24 anarudi akiwa na muda wa kukosea, wa miaka 31 anarudi kwa mkataba mfupi. Kabla ya kuondoka, soma kama mkataba wako unairuhusu klabu kukudai endapo utarudi kwa mpinzani, na endelea kudaka mipira ya juu huko uliko, kwa sababu mikono husahau kabla ya miguu.